Kuifanya Kompyuta ya Zamani Itambue Diski Kubwa: Mwongozo Kamili

Studio nyingi za picha na video kati ya Nakuru na Kisumu bado zinategemea kompyuta za mezani zilizotumika kwanza katika ofisi za Uingereza, zikaletwa nchini kwa makontena, na zikauzwa zikiwa na nguvu ya kutosha kuhariri mkanda wa harusi au wa mazishi. Kinachozikwamisha aghalabu si kasi bali nafasi. Mwenye studio hununua diski ya terabaiti 4, akaifunga, akawasha mashine, na skrini ikamwonyesha gigabaiti 2,048, au 1,678, au isimwonyeshe chochote. Wengi huamua papo hapo kwamba wameuziwa diski mbovu. Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi diski ni nzima na kasoro iko kwingine. Kila kikomo cha kompyuta za zamani huacha namba yake kwenye skrini, na anayeisoma namba hiyo sawasawa hujua mahali pa kutengeneza kabla hajagusa bisibisi.

Soma namba kabla ya kufungua kasha

Ondoa kwanza hofu isiyo na msingi. Watengenezaji wa diski huhesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 katika kila ngazi. Kwa sababu hiyo diski ya terabaiti 1 huonekana ikiwa na gigabaiti 931, ya terabaiti 2 huonekana na 1,863, na ya terabaiti 4 huonekana na 3,726. Hakuna kilichopotea hapo, na hakuna cha kutengeneza.

Namba zinazostahili kukushtua ni nyingine. Ukikutana na mashine ya miaka ya tisini inayokomea megabaiti 504, umegusa kikomo cha silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, namna ya zamani ya kutaja mahali kwenye diski (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachobeba data). Ikikomea karibu gigabaiti 7.8, ni kikomo cha huduma ya zamani ya kusoma diski katika BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Na ikikomea karibu gigabaiti 31.5, ni BIOS za kabla ya katikati ya mwaka 1999, au ni jampa, kiunganishi kidogo cha pini kilicho nyuma ya diski yenyewe, ambayo fundi wa zamani aliiweka makusudi ili diski ijifanye ndogo. Mashine za aina hiyo ni adimu leo, na ushauri wangu ni kuziacha na diski zake ndogo.

Kikomo cha gigabaiti 128, ambacho baadhi ya BIOS hukiandika 137 kwa kuwa huhesabu kwa elfu, bado kinakutwa katika mashine za Pentium 4 za mwanzo. Zamani amri za diski zilitumia biti 28 kutaja anwani ya sekta, na biti 28 zinaweza kutaja sekta 268,435,456 tu. Kila sekta ikiwa na baiti 512, jumla yake ni baiti 137,438,953,472. Mwaka 2002 kanuni ya mawasiliano ya diski iitwayo ATA-6 ilileta anwani za biti 48. Hatari ya kikomo hiki ni kwamba mfumo usioelewa biti 48 ukipewa sehemu inayovuka mpaka huo unaweza kuandika data ya mwisho wa diski juu ya data ya mwanzo wake, bila kutoa onyo lolote. Windows XP inahitaji angalau Service Pack 1 ili kuvuka hapo salama, na Service Pack 3 ndiyo ya kutumia ikiwa unalazimika kubaki na XP.

Kikomo kinachowasumbua watu wengi zaidi sasa ni gigabaiti 2,048. Jedwali la MBR, ambalo huandikwa mwanzoni mwa diski kueleza sehemu zake zinaanzia na kuishia wapi, hutumia biti 32 kuhesabu sekta, hivyo haliwezi kutaja zaidi ya baiti 2,199,023,255,552. Hapa inabidi utofautishe hali mbili zinazofanana. Katika dirisha la kusimamia diski la Windows, ukiona diski ya terabaiti 4 imegawanyika kuwa 2,048 na kipande kingine cha 1,678 kisichotumika, basi kompyuta inaiona diski nzima na kosa liko katika jedwali pekee. Ukiona 1,678 peke yake bila 2,048, au 746 peke yake kwa diski ya terabaiti 3, kuna kitu katikati kinachohesabu kwa biti 32 na kuanza upya kutoka sifuri kinapojaa. Kitu hicho huwa ni draiva ya zamani (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), adapta ya USB ya zamani, au BIOS. Hali ya kwanza hutengenezwa kwa dakika chache. Katika hali ya pili usiandike hata faili moja kwenye diski mpaka umpate mkosaji.

Diski isiyoonekana kabisa

Ikiwa BIOS haiioni diski hata kidogo, acha habari ya vikomo kwanza na uangalie umeme. Weka kidole juu ya diski wakati wa kuwasha: diski nzima hutetemeka kidogo na kutoa mvumo. Diski za inchi 3.5 huhitaji volti 12 na hunyonya mkondo mkubwa zaidi zinapoanza kuzunguka, na pawa saplai iliyochoka inaweza kushindwa kwa sekunde hizo chache tu.

Kisa kimoja huwachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Kanuni mpya ya SATA (njia ya kuunga diski kwenye ubao mama), toleo la 3.3, iliipa pini ya tatu ya waya wa umeme kazi ya kuizima diski. Pawa saplai za zamani hupeleka volti 3.3 katika pini hiyo kila wakati, kwa hiyo baadhi ya diski mpya, hasa zilizotengenezewa seva au zilizotolewa katika makasha ya nje, hukaa kimya zikidhani zimeamriwa kuzima. Dawa yake ni adapta inayotoa umeme kutoka kichwa cha pini nne cha Molex kwenda SATA, kwani Molex haina volti 3.3. Chagua adapta ambayo nyaya zake zimebanwa moja moja, wala si ile iliyomiminiwa plastiki nzima, kwani hizo zinajulikana kwa kuungua.

Umeme ukiwa sawa, ingia BIOS. Katika kompyuta nyingi za Dell kitufe ni F2, na katika nyingi za HP ni F10. Tafuta orodha ya matundu ya SATA na uhakikishe tundu ulilotumia halijazimwa. Kompyuta za ofisi mara nyingi huja na matundu yasiyotumika yakiwa yamefungwa. Ubao mama wa zamani wenye chipu za VIA una ugonjwa wake wa kutoelewana na diski zenye kasi ya gigabiti 3 kwa sekunde, na huko jampa ya kuishusha diski hadi gigabiti 1.5, ikiwa diski inayo, humaliza kazi.

Utasikia ushauri kwamba ubadilishe hali ya SATA kutoka IDE kwenda AHCI, yaani namna ubao mama unavyozungumza na diski. Kwa ukubwa wa diski, badiliko hilo kwa kawaida halisaidii kitu, na ukilifanya kwenye Windows iliyokwisha kusakinishwa bila kuiandaa, mashine itakataa kuwaka na kukuonyesha skrini ya buluu. Liache.

Tumia Linux kama hakimu

Njia fupi ya kujua kama mkosaji ni vifaa au ni Windows ni kuiwasha kompyuta kwa Ubuntu au Linux Mint kutoka kwenye fleshi, bila kusakinisha chochote. Linux ikishawaka haitegemei BIOS kusoma ukubwa wa diski. Huiuliza diski yenyewe. Fungua dirisha la amri na uandike:

lsblk -b

Amri hiyo huonyesha ukubwa wa kila diski kwa baiti. Sasa soma karatasi iliyobandikwa juu ya diski, ambayo mara nyingi huandikwa LBA ikifuatwa na idadi ya sekta. Diski ya terabaiti 2 kwa kawaida ina sekta 3,907,029,168, ya terabaiti 3 ina 5,860,533,168, na ya terabaiti 4 ina 7,814,037,168. Zidisha kwa 512. Kwa terabaiti 4 utapata 4,000,787,030,016, na hiyo ndiyo namba ambayo lsblk inapaswa kuonyesha.

Namba zikilingana, diski, waya na ubao mama vimeachiliwa huru, na kazi yako iko upande wa Windows. Zisipolingana, na diski imeungwa kwa USB, itoe kwenye adapta na uiunge moja kwa moja kwenye tundu la SATA, kwa kuwa adapta nyingi za zamani hazivuki terabaiti 2. Zisipolingana hata kwenye SATA, andika:

sudo hdparm -N /dev/sdb

ukiweka herufi ya diski yako mahali pa b. Amri hii huonyesha kama kuna eneo lililofichwa mwishoni mwa diski. Ukiona namba mbili zinazotofautiana, diski imepunguzwa kwa amri na haijaharibika.

Ukiwa bado ndani ya Linux, pima pia afya ya diski kwa sudo smartctl -a /dev/sdb, baada ya kusakinisha kifurushi cha smartmontools. Tazama saa ambazo diski imefanya kazi, sekta zilizohamishwa, na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Diski inayouzwa kama mpya lakini ina saa elfu kadhaa si mpya, hata kama mfuko wake haujafunguliwa.

BIOS mpya, na stima

Ikiwa BIOS ndiyo inayokata namba, tafuta toleo jipya katika tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia jina kamili la modeli. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, lakini umeme ukikatika katikati yake ubao mama unaweza kufa moja kwa moja. Wanaoishi kando ya ziwa wanajua jinsi ngurumo za alasiri zinavyoondoka na stima bila kubisha hodi. Fanya kazi hii asubuhi yenye anga safi, mashine ikiwa imeungwa kwenye UPS ambayo betri yake umeijaribu kwa kuchomoa waya ukutani, wala si UPS inayopiga kelele tu. Kama Linux imeshaiona diski nzima, na hutarajii kuwasha mashine kutoka kwenye diski hiyo, basi huna sababu ya kugusa BIOS, na mimi nisingeigusa.

Kuandika jedwali la GPT

Kwa diski yoyote inayozidi terabaiti 2, MBR inatoka na GPT inaingia. GPT hutumia biti 64 kutaja sekta, na huweka nakala ya pili ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Windows Vista, 7, 8, 10 na 11 zote husoma na kuandika diski za data za GPT, hata kwenye kompyuta zenye BIOS ya zamani. Windows XP ya biti 32 haiwezi. Itaionyesha diski kama sehemu moja iliyolindwa ambayo haifunguki.

Ikiwa diski ni mpya na tupu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, na Windows yenyewe itakuuliza ni jedwali gani litumike. Chagua GPT. Ikiwa ilishawekwa MBR na haina kitu cha thamani, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uende hivi:

diskpart
list disk

Simama hapo. Linganisha ukubwa wa kila diski na ile unayoitaka, kwa sababu amri inayofuata baada ya kuchagua haimuulizi mtu mara mbili. Kama huna hakika hata kidogo, zima mashine na uchomoe diski nyingine zote za data. Ukiwa na hakika, na tuseme diski yako ni namba 1, endelea:

select disk 1
clean
convert gpt
create partition primary
format fs=ntfs quick label=VIDEO
assign letter=V
exit

Amri ya clean hufuta jedwali lote, na pamoja nalo njia ya kuzifikia faili. Picha zikiwemo, zinakiliwe kwingine kwanza.

Nimeandika NTFS, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye diski, kwa makusudi. FAT32 haipokei faili inayofikia gigabaiti 4, na mkanda mmoja wa harusi huvuka hapo kabla bibi arusi hajafika kanisani. exFAT hupokea faili kubwa na husomeka kwenye Mac, lakini haina daftari la kumbukumbu linalosaidia kurekebisha mfumo wa faili umeme unapokatika ghafla. Kwa diski inayokaa ndani ya mashine mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara, NTFS ni chaguo lililo salama zaidi.

Ikiwa diskpart inaonyesha 746 au 1,678 peke yake ilhali Linux iliona diski nzima, mkosaji ni draiva ya SATA. Kwenye mashine za Intel zinazotumia draiva ya Rapid Storage, unahitaji toleo la 10.1 au jipya zaidi. Sakinisha, washa upya, na uangalie namba tena kabla ya kuandika jedwali.

Kuwasha mashine kutoka kwenye diski kubwa

Swali hili huulizwa sana, na jibu langu kwa kompyuta ya zamani ni kwamba usijisumbue. Windows haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski ya GPT bila UEFI (mrithi wa BIOS), na mashine nyingi za kizazi cha Core 2 Duo hazina UEFI. Ili kujua yako, bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 na usome mstari wa hali ya BIOS. Ikiandikwa Legacy, huenda mashine ina BIOS tupu, au ina UEFI ambayo haijawashwa. Ingia BIOS uthibitishe. Mpangilio unaofaa ni SSD ndogo ya gigabaiti 120 au 240 yenye MBR kwa ajili ya Windows, na diski kubwa ya GPT kwa ajili ya kazi. Mashine itaenda kasi kuliko ilivyokwenda tangu ilipotoka kiwandani, na diski kubwa itabaki bila mfumo wa kuichosha.

Mwenye kutumia Linux ana uhuru zaidi. Kiwashaji cha GRUB kinaweza kuwaka kutoka kwenye GPT kwa BIOS ya kawaida, mradi utenge sehemu ya megabaiti 1 yenye alama ya bios_grub. Weka pia sehemu ya /boot mwanzoni mwa diski, kwani wakati wa kuwaka GRUB bado husoma kupitia BIOS, na BIOS hiyo inaweza kuwa haifiki mbali.

Makasha ya USB

Baadhi ya makasha ya nje hudanganya kwa nia njema. Ili Windows XP iweze kutumia diski kubwa kwa MBR, kasha huiambia kompyuta kwamba kila sekta ina baiti 4,096 badala ya 512, na kwa hesabu hiyo MBR hufika terabaiti 17 hivi. Mambo huenda vizuri mpaka kasha linapoharibika. Mwenyewe anaitoa diski, anaiunga kwa SATA, na kompyuta inamwambia diski haijaandaliwa na inampa kitufe cha kuiandaa. Asikibonyeze. Data iko salama; kinachohitajika ni kasha jingine linalohesabu sekta kwa namna ile ile.

Jambo jingine ni kasi. USB 2.0 ya mashine za zamani kwa kawaida hupitisha karibu megabaiti 30 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kujaza terabaiti 4 huchukua saa 37 hivi. Kama kompyuta ina nafasi ya PCI Express iliyo wazi, kadi ya SATA au ya USB 3.0 ni fedha iliyotumika vyema.

Jaribu mpaka uvuke mpaka

Diski kuonekana kwa ukubwa kamili hakutoshi. Makosa ya biti 28 na biti 32 hujitokeza pale tu unapoandika ng'ambo ya kikomo, na kwa studio hiyo inaweza kuwa miezi minne baadaye, wakati video za wateja zimeshafutwa kwenye kadi za kamera. Kwa hiyo jaza diski yote ikiwa bado tupu. Kwenye Linux kuna programu ya f3:

f3write /media/VIDEO
f3read /media/VIDEO

ambapo njia iliyoandikwa hapo ni mahali diski ilipofunguliwa katika mashine yako. Ya kwanza huandika faili za gigabaiti 1 mpaka nafasi iishe, na ya pili huzisoma zote na kuhesabu sekta zilizobadilika. Kwenye Windows, H2testw hufanya kazi kama hiyo. Kwa diski ya SATA inayokwenda megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua kama saa 11 kuandika na nyingine 11 kusoma. Sekta zilizoharibika zikiwa sifuri, futa faili za majaribio na uanze kazi. Zikiwa nyingi na zinaanzia katika mpaka mmoja unaotambulika, rudi kwenye draiva, adapta au BIOS.

Jaribio hili pia hufichua diski bandia. Kasha jepesi linalouzwa barabarani kwa jina la terabaiti 16, kwa bei isiyofika hata ya terabaiti 1 ya kweli, mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani yake, ambayo programu yake imechezewa ili itangaze ukubwa isiokuwa nao. Matokeo ya f3read yaliyohifadhiwa kama picha ya skrini ni ushahidi mzuri wa kumpelekea muuzaji.

Mwisho, chukua kalamu isiyofutika na uandike juu ya diski: GPT, NTFS, SATA ya moja kwa moja, pamoja na tarehe ya jaribio. Siku mashine hii itakapoharibika, diski itapelekwa kwa fundi mwingine, pengine Kakamega au Busia, na pengine mwenye mashine ya XP ya kujaribia. Mashine hiyo haitaweza kuifungua, na maandishi hayo ndiyo yatakayomzuia fundi asiiandae upya.